Nukta Sitini

Nilikuwa karani wa alama kiwanja cha Thornclough
miaka ishirini na sita: penseli mbili, kifutio kimoja,
na dirisha lisilofungika, upande wa kiwanda cha pamba.
Hemraj Bissoon alishuka basini mwezi wa Aprili,
theluji ikipepea kama unga wa mpishi mzembe,
shati la mikono mifupi, begi refu la gongo,
akatazama nyasi zilizoloa, akauliza:
"Hapa huwa mnacheza kweli?"

Daftari langu lina kurasa mbili kwa kila mechi.
Kushoto wanaopiga, kulia wanaorusha.
Wengi huishi upande mmoja,
kama mpangaji na chumba chake.
Yeye nilimwandika kote.
Mchana alilinda vijiti vyake vitatu kama mwenye shamba,
jioni akarudi mwizi, kung'oa vya wenzake.
Klabu ilimlipa mshahara wa mtu mmoja.

"Mshika mbili," alisema mweka hazina, Bwana Schofield,
akihesabu mapato ya chai,
"moja humponyoka."
Tukangoja imponyoke.
Tulingoja miaka kumi na minne.

Akifikisha mikimbio hamsini, kofia ilizungushwa.
Shilingi za wafumaji, senti za watoto,
na mara moja kifungo cha koti.
Zilikwenda Berbice kulipia skuli ya dada yake.
Kifungo alikishona kwenye sweta yake ya kuchezea,
cha kahawia, kati ya vyeupe.

Nisiruke Jumamosi ile ya Julai.
Kijana wa posta alikatiza kiwanja, wakamfokea.
Hemraj alisoma karatasi amesimama,
akaikunja mara nne, akaichomeka
ndani ya kinga ya mguu wa kushoto,
akaingia kupiga.

Mipira sitini na mmoja.
Alipata minne, kwa pigo moja, tena la bahati.
"Amka, Bissoon!"
"Mleteeni kitanda!"
Nami nachora nukta, nukta, nukta,
sita kwa sita, ova kwa ova,
nikiona uvivu, nikiandika uvivu,
nikitamani chai.

Jumatatu ndipo tulipoambiwa: mama yake.

Kisha goti.
Hatua kumi na tano za kukimbilia zikawa tisa,
tisa zikawa nne.
Kasi ilipomhama akabaki na hila:
mpira wa polepole, unaning'inia, unangoja
kijana mwenye nguvu ajiaibishe mwenyewe.
Halafu macho. Hayo hayana hila.
Msimu wa mwisho hakurusha, na akipiga hakudumu;
walimweka karibu na mpigaji, ameinama,
akidaka kwa viganja vilivyopasuka
vitu ambavyo mimi sikuviona vikipita.
Schofield alikuwa amekufa. Hakukuwa na wa kumwambia kwamba zote mbili zimeponyoka,
na mtu bado ameshika.

Hakurudi kwao. Aliendesha basi la skuli,
akaoa muuguzi wa Rochdale, akapanda vitunguu.
Mwaka jana alipanda ngazi za kibanda changu, goti likilia,
akaomba daftari la themanini na tatu.

Nilidhani anataka siku ya wiketi nane,
au mia moja na kumi na mbili alizowapiga Oakenshaw.
La. Alifungua ile Jumamosi.
Akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza, akahesabu,
midomo ikicheza bila sauti.
Alipofika mwisho akarudia.

"Hamsini na tisa," akasema.
"Umeniibia mmoja."
Nikamwambia hesabu ilikubali siku ile;
nukta haibadilishi jumla,
huenda niliinama kuokota kifutio.
"Mpira wa ishirini na tatu," akasema. "Ulikuja chini. Niliuzuia."

Nikatafuta penseli.
Nikachonga ncha.
Pale kati palikuwa na nafasi ndogo,
nikaitia.